Chumvi, Maji na Joto: Kwa Nini ORS Haihitaji Moto

Somo la leo linajibu swali ambalo wazazi huuliza wanapopewa pakiti za ORS (ndugu waliotoka Kongo na Burundi wanaifahamu kwa jina la SRO): “Nikitia unga huu kwenye maji yaliyopoa, je, chumvi zake zitayeyuka kweli? Au ni lazima niuchemshe?”

Jibu fupi ni hili: zitayeyuka zote, na usiuchemshe. Moto ni wa maji, si wa chumvi. Maji tunayachemsha kabla, ili kuua vijidudu. Chumvi yenyewe haihitaji moto ili iyeyuke.

Lakini jibu fupi halitoshi. Mtu akielewa sababu, hatasahau, na ataweza kumweleza jirani. Mtoto anayeharisha anaweza kupoteza maji ya mwili kwa saa chache tu. Mzazi akikosea kuchanganya ORS, dawa ya kuokoa inaweza kumdhuru. Kwa hiyo leo tutajifunza kidogo mambo ya nishati, yaani joto linaloingia na kutoka chumvi inapokutana na maji.

SOMO HILI LINAMHUSU NANI?

Linawahusu walioko kambini, na pia ndugu zetu walioko mjini. Lubaga ni mojawapo ya divisheni tano za jiji la Kampala. Ndani yake kuna mitaa ya Nateete, Ndeeba, Kabowa na mingine, ambako wakimbizi huishi pamoja na wenyeji. Mtu anayepewa rufaa kutoka kambini kwenda kutibiwa Kampala huenda akafikia kwa ndugu katika mitaa hiyo.

Kilima cha Lubaga kiko juu, lakini mitaa mingi ya chini iko bondeni. Mvua kubwa zikinyesha, kati ya Machi na Mei na tena kati ya Septemba na Novemba, mfereji wa Nalukolongo hufurika. Maji ya mafuriko huingia vyooni, kisha huchafua chemchemi ambazo watu huteka. Mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa 1998, wakati wa mvua za El Niño, kipindupindu kilienea sana Kampala. Kambini nako tumeona hayo: mwezi wa Februari 2018 kipindupindu kilizuka wilayani Hoima miongoni mwa wakimbizi waliovuka Ziwa Albert kutoka Kongo. Kwa hiyo elimu ya kuchanganya ORS ni ya kila nyumba, ya kambini na ya mjini.

NINI HUTOKEA CHUMVI INAPOINGIA KWENYE MAJI?

Chukua punje moja ya chumvi ya kupikia. Ukiitazama kwa makini utaona ina umbo la sanduku dogo. Punje hiyo inaitwa fuwele. Ndani yake kuna chembe ndogo sana zinazoitwa ayoni, za aina mbili: ayoni za sodiamu na ayoni za kloraidi. Moja ina chaji chanya, nyingine ina chaji hasi, na kwa sababu hiyo zinavutana kwa nguvu. Zimejipanga mistari kwa mistari kama matofali ya ukuta.

Chumvi ikiingia majini, mambo mawili hufanyika kwa pamoja:

1. Ukuta wa fuwele unavunjwa. Kazi hii inahitaji nishati, kama vile kubomoa ukuta kunavyohitaji nguvu.

2. Maji yanazishika zile ayoni na kuzizunguka kila upande. Kazi hii inatoa nishati.

Fikiria duka. Kuvunja fuwele ni gharama. Maji kushika ayoni ni malipo. Sasa tazama hesabu:

– Gharama ikizidi malipo, kuna deni. Deni hilo hulipwa kwa joto lililomo ndani ya maji yenyewe, na maji hupoa.

– Malipo yakizidi gharama, kuna chenji. Chenji hiyo hutoka kama joto, na maji hupata moto.

– Gharama na malipo vikikaribia kulingana, mkono hausikii mabadiliko yoyote.

Chumvi ya kupikia iko kwenye kundi hili la tatu, ikiwa na deni dogo tu. Gramu moja ikiyeyuka huchukua kiasi cha jouli 66 kutoka kwenye maji. Jouli ni kipimo cha nishati. Ili ujue udogo wake, kupasha lita moja ya maji kwa digrii moja tu kunahitaji jouli 4,200 hivi.

KAMA KUNA DENI, KWA NINI CHUMVI HUYEYUKA?

Hili ni swali zuri. Mtu anaweza kufikiri kwamba kitu kinachochukua joto hakiwezi kuyeyuka bila kuwekewa moto. Sivyo.

Watu wakitoka sokoni jioni, hutawanyika kila mmoja na njia yake. Huwezi kutarajia kwamba watajipanga tena mstari wenyewe, bila kuamriwa. Ayoni nazo ni hivyo hivyo. Zikishapata nafasi ndani ya maji hupenda kutawanyika, kwa sababu njia za kutawanyika ni nyingi mno kuliko njia ya kujipanga. Mwelekeo huo wa kutawanyika hushinda deni dogo la joto. Joto lililomo katika maji ya kawaida ya mtungini linatosha kabisa kulilipa deni hilo.

Lakini gharama ikiwa kubwa mno, kitu hakiyeyuki au huyeyuka kidogo sana. Mfano ni ule ukoko mweupe unaobaki ndani ya sufuria au birika la kuchemshia maji ya kisima. Huo ni chokaa. Ayoni zake zinashikana kwa nguvu kiasi kwamba maji hayawezi kuzitenganisha kwa urahisi, na kuchemsha huifanya chokaa itoke kwenye maji na kuganda. Ukoko huo si sumu.

JARIBIO LA NYUMBANI

Walimu na wahudumu wa afya wa kijiji (VHT) wanaweza kulifanya mbele ya kikundi. Unahitaji glasi mbili, kijiko cha chai, chumvi ya kupikia, maji baridi na maji ya moto.

1. Weka vijiko 10 vya chai vya maji baridi katika glasi ya kwanza, na vijiko 10 vya maji ya moto katika glasi ya pili.

2. Tia kijiko kimoja cha chumvi kilichosawazishwa katika kila glasi. Koroga mpaka iishe. Ongeza cha pili, kisha cha tatu, ukikoroga kila mara.

3. Utaona kwamba katika maji ya moto chumvi inayeyuka haraka zaidi. Lakini ukifika kijiko cha nne, glasi zote mbili zitabakisha chumvi chini.

Tumejifunza nini? Kwa chumvi ya kupikia, moto huongeza kasi, hauongezi kiasi. Maji baridi ya mililita 100 huyeyusha gramu 36 hivi za chumvi. Maji yanayochemka huyeyusha gramu 39 hivi. Tofauti ni gramu tatu tu. Na ile kasi unaweza kuipata bila kuni wala makaa, kwa kukoroga tu.

Maji hayo ya chumvi si ya kunywa. Usiyamwage, tumia kidogo kidogo kupikia mboga.

Hii ndiyo sababu watengeneza chumvi hawawezi kupata chumvi kwa kupoza maji. Inawabidi wayaondoe maji yenyewe. Katika Ziwa Katwe, magharibi mwa Uganda, maji ya chumvi huachwa kwenye mabwawa madogo mpaka jua liyakaushe, na fuwele zibaki. Huko Kibiro, kando ya Ziwa Albert, akina mama kwa karne nyingi wamekuwa wakichuja udongo wenye chumvi kwa maji, kisha kuchemsha maji hayo mpaka yakauke. Shika vizuri mfano wa Kibiro, maana tutaurudia: ukichemsha maji ya chumvi, maji huondoka lakini chumvi haiondoki.

SASA TUTAZAME PAKITI YA ORS

Pakiti ya lita moja, kwa mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ina gramu 20.5 za unga:

– Glukosi (aina ya sukari): gramu 13.5
– Trisodiamu sitrati: gramu 2.9
– Chumvi ya kawaida (sodiamu kloraidi): gramu 2.6
– Potasiamu kloraidi: gramu 1.5

Potasiamu kloraidi ina deni kubwa kuliko chumvi ya kupikia. Gramu moja huchukua kiasi cha jouli 230. Tupige hesabu: gramu 1.5 mara 230 ni jouli 345. Gramu 2.6 za chumvi ya kawaida mara 66 ni jouli 172. Jumla ni jouli 517. Glukosi nayo huchukua kidogo. Hata ukijumlisha vyote, lita moja ya maji itapoa kwa chini ya nusu digrii. Mkono wako hautasikia kitu.

Na kuhusu kiasi: lita moja ya maji ya kawaida inaweza kuyeyusha zaidi ya gramu 300 za chumvi ya kupikia. Wewe unatia gramu 2.6 tu. Nafasi iliyobaki ni kubwa sana. Kwa hiyo usiwe na shaka: ukikoroga vizuri, hakuna kitakachobaki chini.

MAKOSA MATATU YA KUEPUKA

Kosa la kwanza: kuchemsha ORS baada ya kuchanganya. Kumbuka akina mama wa Kibiro. Maji yanapanda juu kama mvuke, chumvi inabaki. Lita moja ikipungua moto ukiwaka, kinachobaki ni kikali kuliko inavyotakiwa.

Kosa la pili: kutia pakiti ya lita moja katika nusu lita, ukidhani dawa kali ndiyo dawa bora. Wataalamu hupima ukali wa maji haya kwa kipimo kinachoitwa miliosmoli. ORS iliyochanganywa sawasawa ina 245 kwa lita. Damu ya mtu ina 290 hivi. ORS ikiwa nyepesi kidogo kuliko damu, maji hutoka tumboni na kuingia mwilini kwa urahisi. Ukitia pakiti nzima katika nusu lita, unapata 490. Hapo maji yanaweza kutoka mwilini na kurudi tumboni, na kuharisha kukaongezeka. Chumvi nayo inaweza kuzidi katika damu ya mtoto, jambo ambalo ni hatari.

Kosa la tatu: kugawa pakiti kwa makadirio, nusu leo na nusu kesho. Unga una vitu vinne, na huwezi kuwa na hakika kwamba vimegawanyika sawa. Changanya pakiti yote kwa wakati mmoja.

JINSI YA KUCHANGANYA

1. Nawa mikono kwa sabuni.

2. Chemsha maji mpaka yatokote kabisa. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Usihofu, joto hilo linatosha kuua vijidudu vya kuharisha. Yaache yatokote kwa angalau dakika moja.

3. Funika, uache yapoe. Kama huna moto, tumia maji yaliyotiwa dawa ya klorini kwa maelekezo ya mhudumu wa afya.

4. Soma kwenye pakiti kama ni ya lita moja au ya nusu lita. Pima maji sawasawa: chupa mbili za maji za nusu lita ni lita moja.

5. Mimina unga wote. Koroga mpaka maji yawe maangavu na usione punje chini.

6. Mpe mgonjwa kidogo kidogo. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole kwa kijiko.

7. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Omba vidonge vya zinki kituoni. Baada ya saa 24 mwaga yaliyobaki, uchanganye mengine.

CHUMVI YA MEZANI NA KOSTIKI SODA SI NDUGU

Tulisema vitu vingine vina chenji, yaani hutoa joto vikiyeyuka. Mfano mkubwa ni kostiki soda ya kutengenezea sabuni, ambayo baadhi ya vikundi vya akina mama na vijana huitumia kambini na mjini. Gramu moja ya kostiki soda ikiyeyuka hutoa kiasi cha jouli 1,100. Hiyo ni zaidi ya mara 16 ya kile ambacho gramu ya chumvi ya kupikia huchukua, na kwa upande mwingine kabisa. Kilo moja katika lita mbili na nusu za maji inaweza kupandisha joto kwa digrii 60 au zaidi, bila moto wowote chini yake.

Kwa sababu hiyo shika kanuni hizi:

– Tia kostiki kwenye maji, kidogo kidogo, ukikoroga. Usimwage maji juu ya kostiki kamwe. Maji machache yakipokea joto lote kwa mara moja huchemka papo hapo na kuruka usoni.

– Usitumie sufuria ya alumini. Kostiki huila alumini na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Tumia ndoo ya plastiki ngumu.

– Vaa glavu na ufunike macho. Fanya kazi hiyo nje, watoto wakiwa mbali.

– Usiweke kostiki kwenye chupa ya soda wala karibu na chumvi ya jikoni. Zote ni nyeupe, na mtoto hawezi kuzitofautisha.

– Ikikurukia, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya. Mtu akiimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali.

DAWA ILIYOTHIBITISHWA KAMBINI

Ni vizuri tujue kwamba ORS ilionyesha uwezo wake ndani ya kambi za wakimbizi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India. Kipindupindu kiliingia kambini. Huko Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliona chupa za dripu zinakaribia kwisha. Yeye na wenzake walifunga pakiti za glukosi, chumvi na bikaboneti, wakayeyusha katika mapipa ya maji safi, na kuwafundisha ndugu wa wagonjwa kunywesha kwa vikombe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu wagonjwa 30 kati ya 100. Baadaye walikufa chini ya 4 kati ya 100. Daktari huyo alifariki mwaka 2022.

Kinyume chake tulikiona karibu na kwetu. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa wingi na kwa siku chache. Maji safi hayakutosha, na huduma haikuwafikia wote kwa wakati. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Dawa ilikuwa tayari inajulikana duniani. Kilichokosekana ni maji, pakiti na mikono ya kutosha ya kuchanganya na kunywesha. Mikono hiyo leo ni yako wewe msomaji.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Sina pakiti, na kituo kiko mbali. Nifanye nini?
Jibu: Katika lita moja ya maji safi tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Koroga, anza kumpa, huku ukielekea kituoni. Ukionja, yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Swali: Maji yangu ni ya baridi sana asubuhi. Je, chumvi itagoma?
Jibu: Haitagoma. Itachelewa kidogo tu. Koroga zaidi.

Swali: Naweza kuyapasha kidogo ili mtoto ayapende?
Jibu: Usiyaweke motoni. Mpe yakiwa na joto la kawaida la chumbani.

Swali: Ni lini nisingoje nyumbani?
Jibu: Mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, macho yakiingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya irudi polepole, akilegea au akiwa na usingizi mzito, au ukiona damu kwenye choo. Mkubwa au mtoto akiharisha choo kama maji ya mchele, nenda mara moja. Walioko kambini waende kituo cha afya kilicho karibu. Walioko Lubaga waende kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, au Hospitali ya Lubaga, iliyoko kilimani tangu mwaka 1899. Njiani endelea kumnywesha.

KUMBUKA

– Moto ni wa maji, si wa chumvi.
– Chemsha kwanza, poza, kisha changanya. Usirudie kuchemsha.
– Pakiti nzima, maji kamili, koroga mpaka yawe maangavu.
– Kostiki huingia kwenye maji. Maji hayaingii kwenye kostiki.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani nakala hii. Asiyejua kusoma, msomee.